Aiskrimu za kopo na za koni, Kisumu na Nakuru: lebo, mizani na sahani

Tathmini hii ni ya vanila peke yake, kwa sababu vanila haina pa kujificha. Hakuna chokoleti wala vipande vya biskuti vya kufunika ladha ya mafuta mabovu au ya maziwa ya unga yaliyokaa sana. Nimelinganisha aina tatu ambazo mtu wa Kisumu au Nakuru huzipata bila kuhangaika: kopo la lita moja la mafuta ya maziwa, kopo la lita moja la bei nafuu lenye mafuta ya mimea, na koni ya mashine. Kampuni sizitaji, maana kampuni moja huweza kuuza aina zote mbili za kopo kwenye friza moja, rangi za kopo zikikaribiana.

Wanaotaka jibu la haraka: hakuna aiskrimu hapa ningeiita chakula cha afya. Kuna iliyo kitindamlo halali cha maziwa, na kuna iliyo sukari, maji, mawese na hewa. Namba za E (namba za viongeza vya chakula, kama E471) zinazowatisha watu wengi si ndizo zinazozitofautisha.

Tuanze na lebo. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kopo la kwanza lilianza hivi: maziwa, krimu, sukari, maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, kisha E471, E412, E407 na vanila. La pili lilianza na maji, sukari, mafuta ya mimea (mawese), maziwa ya unga, sharubati ya glukosi, halafu E471, E466, E433, vanila ya kutengenezwa na rangi E102. Neno aiskrimu halikuwepo mbele ya kopo hilo la pili. Wameandika tu kwamba ni kitindamlo kilichogandishwa, kwa herufi ndogo chini ya picha ya ng'ombe. Huyo ng'ombe ndiye anayewapumbaza wanunuzi.

Je, mafuta ya mimea si afadhali kwa moyo? Hapa si lazima. Mafuta ya kupikia ya alizeti hayawezi kuisimamisha aiskrimu, kwa hiyo kiwanda hutumia mimea yenye mafuta yanayoganda, yaani aina ile ambayo wataalamu wa moyo hutaka tuipunguze. Katika mafuta ya maziwa aina hiyo ni karibu asilimia 65, katika mawese karibu nusu, na katika mafuta ya nazi inapita asilimia 80. Ukiona imeandikwa kwamba mafuta yametiwa haidrojeni kwa sehemu, rudisha kopo kwenye friza. Hayo ndiyo mafuta ambayo Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 yaondolewe kabisa kwenye vyakula ifikapo 2023.

Mizani inasema mengi kuliko lebo. Aiskrimu huuzwa kwa lita, na ndani ya lita hiyo kuna hewa. Mchanganyiko kabla ya kugandishwa una uzito wa karibu kilo 1.1 kwa lita, hivyo lita ya aiskrimu yenye gramu 550 ni nusu hewa. Marekani, ili bidhaa iitwe aiskrimu, haitakiwi kupungua takriban gramu 540 kwa lita, wala mafuta ya maziwa kuwa chini ya asilimia 10. Pima kopo likiwa limejaa, pima tena likiwa tupu, kisha toa. Kopo la maziwa lilinipa gramu 620 kwa shilingi 600, la bei nafuu gramu 480 kwa shilingi 450. Piga hesabu kwa kila gramu 100: la kwanza ni shilingi 97, la pili ni 94. Mnunuzi anayedhani ameokoa shilingi 150 ameokoa shilingi tatu kwa kila gramu 100, na badala ya krimu amepewa mawese. Haki itendeke, lakini: hewa haina sukari. Kijiko kimoja cha aiskrimu nyepesi kina kalori chache kuliko kijiko cha ile nzito. Shida ni kwamba haishibishi, na kijiko hurudi koponi mapema.

Sahani nayo. Chota gramu 60 hivi, weka kwenye sahani mezani, uiache dakika 20. Kwa joto la mchana la Kisumu, ile ya maziwa iliyeyuka ikawa dimbwi jeupe zito, laini, linalofanana na krimu. Ya pili ilisimama vilevile, imenywea kidogo tu, huku pembeni ikitoa pete ya majimaji. Ukiigusa kwa kijiko ni povu. Kuna wanaoapa kwamba aiskrimu isiyoyeyuka ina plastiki. Haina. Barafu yake imeyeyuka kama kawaida. Kinachobaki kimesimama ni viputo vya hewa vilivyozungushiwa mafuta na kushikwa na gamu, yaani viambato vya kuzitisha. Jaribio hili linakuonyesha wingi wa hewa na gamu, halikuonyeshi sumu.

Sasa hizo namba. E471 ni emalsifaya, yaani kiungo cha kuchanganya mafuta na maji, inayotokana na mafuta yenyewe, na mwili huisaga kama mafuta mengine. Kazi yake ni ile ya kiini cha yai katika aiskrimu ya nyumbani. Kinachofaa kuulizwa ni chanzo chake, kwa sababu yaweza kutoka kwa mmea au kwa mnyama. Anayekula halali atazame alama ya halali, namba peke yake haitoshi. E412 ni gamu ya mbegu za guar, jamii ya kunde. E407 hutoka kwa mwani wa baharini na hutiwa kidogo mno, karibu asilimia 0.02, ili maji ya maziwa yasijitenge. Kwa jumla gamu zipo hasa ili kuzuia chembe za barafu zisikue. Zote pamoja na emalsifaya kwa kawaida hazizidi nusu asilimia ya aiskrimu.

Mbili ndizo ninazozitazama kwa makini, E466 (gamu ya selulosi) na E433 (emalsifaya iitwayo polisobati 80). Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba panya waliopewa hizi walibadilika bakteria wa utumbo, na ute unaoukinga utumbo ukapungua. Kisha utafiti wa watu uliochapishwa 2022 ukawapa watu wazima wachache wenye afya gramu 15 za E466 kila siku kwa siku 11. Bakteria wao walibadilika, na baadhi yao walilalamika tumbo baada ya kula. Sasa weka kipimo mahali pake. Aiskrimu yenye asilimia 0.2 ya E466 inakupa gramu 0.2 kwa kila gramu 100. Kufikia gramu 15 ungelazimika kula kilo saba na nusu kwa siku. Hilo halimalizi mjadala, kwa sababu vitu hivi vimo pia kwenye mikate, sosi na keki za dukani, na jumla yake hakuna anayeihesabu. Mtu mwenye ugonjwa wa kudumu wa utumbo ningemshauri achague kopo lisilo nazo, yapo. Mwenye utumbo mzima anayekula aiskrimu mara moja kwa wiki, hapo si pa kukosea usingizi.

Rangi ni habari nyingine, na hapa ndipo nilipoliondolea alama nyingi kopo la pili. E102, rangi ya njano ya kutengenezwa, katika vanila haina kazi yoyote ila kuigiza krimu ambayo haikutiwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2007 ulihusisha mchanganyiko wa rangi za kutengenezwa na utundu uliozidi kwa watoto, na tangu Julai 2010 Ulaya inalazimisha onyo kwenye lebo kwa rangi sita: E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Stroberi ya waridi kali na zile za bluu zinazopendwa na watoto mara nyingi ndiko rangi za kutengenezwa ziliko. Mbadala upo: E162 ni ya kiazisukari chekundu, E160a ni ya karoti na jamii zake. Kwa mtoto, mimi hutazama rangi kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya hayo yote, kiambato chenye madhara makubwa kimeandikwa waziwazi na hakina namba: sukari. Gramu 100 za vanila ya kawaida zina karibu gramu 21 za sukari; toa gramu 6 hivi za laktosi, sukari ya asili ya maziwa, zinabaki kama 15 za kuongezwa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, na afadhali iwe chini ya 5, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima. Bakuli moja na sosi ya chokoleti juu, umemaliza. Wanaojitetea kwa kalsiamu walinganishe: gramu 100 za aiskrimu zina kama miligramu 128, na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina takriban 300, tena bila sukari ya kuongezwa.

Na tumbo linaponguruma saa moja au mbili baada ya koni, usikimbilie kulaumu kemikali. Watu wazima wengi wa huku hawasagi laktosi vizuri. Kipimo rahisi: ikiwa maziwa yaliyochemshwa yanakusumbua lakini mala (maziwa yaliyochachushwa) haikusumbui, yaelekea shida ni laktosi, na aiskrimu ya maziwa halisi, ile niliyoisifu, nayo yaweza kukusumbua.

Koni ya mashine ndiyo tamu kuliko zote siku ya jua kali, na ndiyo nisiyoiamini kwa urahisi. Viambato vyake si kisa. Mara nyingi ni unga wa mchanganyiko na maji. Kisa ni usafi. Mchanganyiko ulio kwenye tangi la juu unatakiwa kukaa chini ya nyuzi 5. Stima ikipotea kwa muda wa saa mbili adhuhuri ya Kisumu, tangi linapata joto, bakteria wanazaana, stima inarudi, mashine inagandisha, na anayeramba hajui lolote. Kugandisha hakuui bakteria. Listeria, bakteria hatari hasa kwa wajawazito, huvumilia baridi hiyo bila taabu, na mwaka 2015 Marekani iligundulika kwamba watu walikufa kwa aiskrimu iliyokuwa nayo. Mama mjamzito, kwangu mimi, achague kopo lililofungwa kiwandani.

Kuosha kwenyewe si kupitisha maji. Mashine ifunguliwe, mipira ya kuziba itolewe, isuguliwe kwa brashi na sabuni, iwekwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha ipakwe grisi ya chakula kabla ya kurudishwa. Mipira ndipo uchafu hukaa, kwa sababu maziwa huingia nyuma yake na mtu mvivu haitoi. Kabla ya kulipa, inama kidogo uchungulie mdomo wa mashine inapotokea aiskrimu. Ukoko wa njano au weusi kwenye miale ya ule mdomo wa nyota unatosha kukufanya uondoke. Aiskrimu inayotoka tepetepe, ikiteleza kando ya koni, ni dalili kwamba haijafika nyuzi 6 chini ya sifuri, au mchanganyiko umezimuliwa. Na muuzaji anayeshika noti kwa mkono uleule unaoshika koni, huyo hahitaji mashine chafu ili akuuguze.

Kwenye friza ya duka, bonyeza kopo. Likibonyea, limeyeyuka. Theluji nene chini ya kifuniko au aiskrimu iliyoshuka na kuacha pengo pembeni inaonyesha imeyeyuka ikagandishwa tena. Ukiila inakwaruza ulimi: chembe za barafu zimekua. Mchanga unaobaki ulimini baada ya barafu kuyeyuka ni laktosi iliyojitenga. Kopo lililosafirishwa kutoka upande wa Nakuru kwenda Kisumu hupanda hadi Mau Summit kisha hushuka ziwani, na hewa iliyo ndani hutanuka njiani na kunywea baadaye; kwa hiyo pengo dogo juu pekee si ushahidi wa kuyeyuka, tazama pamoja na theluji. Usichukue lililopangwa juu ya mstari wa kujazia wa friza.

Alama zangu kati ya 10: kopo la maziwa 7, na tatu zimeondoka kwa sababu ya sukari. Kopo la mawese 3. Koni ya mashine 6 mahali ambapo mashine inafunguliwa na kuoshwa kila siku na kuna jenereta, na 1 pasipokuwa hivyo. Niliionja pia ile isiyo na sukari: ina maltitoli, kitamu kinachotiwa badala ya sukari, ambayo ikizidi huharisha, na mafuta ni yaleyale. Mgonjwa wa kisukari bado anapaswa kuihesabu. Nimeipa 4.

Ukinunua kopo na nyumbani ni mbali, lifunge kwa magazeti matatu manne na mfuko juu, uliombe liwe la mwisho kutoka frizani baada ya kulipia vitu vingine. Kwa boda ya dakika 15 linafika gumu. Likifika limelegea, lile siku hiyohiyo, usiligandishe upya.