Uzoefu wangu na rekodi za Rhapsody in Blue (1924 hadi leo): ipi inafaa, ipi uiache

Ukitafuta Rhapsody in Blue, wimbo wa piano na okestra wa mtunzi Mmarekani George Gershwin, kwenye programu yoyote ya muziki utaletewa mamia ya matoleo, na karibu yote yana picha ileile ya majengo marefu ya New York. Mwaka unaoandikwa pembeni mara nyingi ni wa toleo jipya, si wa siku ya kurekodi, kwa hiyo rekodi ya 1927 inaweza kukujia imeandikwa 2011. Hapa nimepanga zile ninazozisikiliza mara kwa mara, na nimeeleza kila moja inakupa nini na inakuharibia wapi.

Tuanze na ile ya kwanza kabisa. Wimbo ulipigwa hadharani mara ya kwanza tarehe 12 Februari 1924 katika ukumbi wa Aeolian, New York. Gershwin mwenyewe alikuwa kwenye piano na bendi ilikuwa ya Paul Whiteman. Miezi minne baadaye, tarehe 10 Juni, watu haohao waliingia studio za kampuni ya Victor. Santuri ilitoka kwa namba 55225, ya inchi 12, wimbo ukiwa umegawanywa pande mbili. Upande mmoja wa santuri ya aina hiyo ulibeba dakika nne na nusu hivi, kwa hiyo wimbo ulikatwa mpaka ukabaki kama dakika 9. Vilivyopunguzwa zaidi ni vile vipande virefu ambavyo piano hupiga peke yake.

Maikrofoni ya umeme haikuwa imeingia studio bado. Wanamuziki walijibana mbele ya pembe kubwa iliyopeleka mtikisiko wa sauti moja kwa moja kwenye sindano ya kuchongea nta. Pembe ile haikushika chochote cha maana chini ya hezi 200 wala juu ya 3,000 hivi. Ndiyo maana besi inasikika kama mtu anayegonga debe chumba cha pili, fidla zimekonda, na matoazi ni kama hayapo. Usipandishe besi kwenye simu yako ukidhani utaziokoa. Besi haimo kwenye santuri, utakachopandisha ni mngurumo wa mashine.

Hata hivyo naipa nyota 5, kwa sababu ya sekunde kumi na tano za mwanzo. Gershwin alikuwa ameandika mtetemo kwenye noti ya chini, kisha ngazi ya noti 17 za kupanda moja moja. Mpiga klarineti, Ross Gorman, akaiburuta ile ngazi kwa mzaha wakati wa mazoezi, noti zikashikana kama king'ora, na Gershwin akaamua ibaki hivyo. Kwenye santuri ya 1924 anayepiga ni Gorman huyohuyo. Akifika kileleni hatulii kwenye noti, anaikunja na kuicheka. Wapiga klarineti wa okestra kubwa siku hizi huipanda ngazi ile kwa usafi wa mtihani wa chuo, na ule mzaha unapotea.

Rekodi ya pili, ya tarehe 21 Aprili 1927, ni Victor namba 35822, na ndiyo watu huichanganya na ya kwanza kwa sababu majina ni yaleyale: Gershwin na Whiteman. Kwa kweli Gershwin na Whiteman walitofautiana studio na kazi ya kuongoza ikachukuliwa na Nathaniel Shilkret wa Victor, ingawa lebo haikubadilishwa. Kuzitofautisha ni rahisi ukijua pa kutegea sikio. Ya 1927 ilirekodiwa kwa maikrofoni ya umeme, utaratibu ambao Victor waliuanza 1925. Ukisikia besi yenye mwili, matoazi yanayopasuka na hewa ya chumba kuzunguka piano, hiyo ni 1927. Ukisikia kila kitu kimesongamana katikati kama kwenye simu ya waya, hiyo ni 1924. Nyota 4: piano ya Gershwin inasikika vizuri zaidi, ila ule wehu wa Gorman haumo tena.

Hapa kuna ubishi ambao wapenzi wa wimbo huu hawaumalizi. Gershwin anakimbia mno kwenye rekodi zote mbili, na wengi husema alikuwa anawahi mwisho wa santuri. Sikubaliani nao. Tatizo la urefu lilishatatuliwa kwa kukata. Isitoshe, upo ushahidi mwingine: matundu. Gershwin alitoboa pia roli za karatasi za piano inayojipiga, za mtindo wa Duo-Art wa kampuni ileile ya Aeolian, akapiga sehemu ya piano na ya okestra kwa pamoja. Roli haina kikomo cha dakika nne na nusu, na bado hataki kusubiri. Ni kweli kwamba mwendo wa roli unategemea jinsi mashine ilivyowekwa, lakini namna anavyokwepa kuvutavuta sehemu za taratibu haitokani na mashine. Hakuupiga wimbo huu kama wimbo wa mahaba, hata pale kwenye ile tuni maarufu ya polepole.

Mwaka 1976 kiongozi wa okestra Michael Tilson Thomas alizichukua roli hizo, matundu ya sehemu za okestra yakazibwa ili yabaki ya piano tu, na Columbia Jazz Band ikapiga juu yake ule mpangilio wa mwanzo wa Ferde Grofé, mpangaji muziki wa Whiteman. Wimbo mzima unakwisha chini ya dakika 14. Faida yake ni kwamba unasikia mpangilio wa bendi wa 1924 kwa sauti safi: saksafoni tatu ambazo wapigaji wake hubadilishana ala kila mara, banjo, tuba, na fidla chache tu. Hasara ni kwamba roli haimsikilizi mtu. Mwanamuziki hai akiona tarumbeta zimechelewa humngojea mwenzake. Karatasi haingoji, na kuna sehemu bendi inafukuzia piano kama abiria anayefukuzia daladala. Nyota 4, na nyota 5 kama umeshauzoea wimbo. Usiianze hii.

Anayetaka piano ya roli peke yake atafute diski ya 1993 ya Nonesuch, ambayo Artis Wodehouse alizipitisha roli za Gershwin kwenye Disklavier, piano inayojipiga kwa kompyuta. Ni safi sana. Ila kukosa okestra kunachosha baada ya muda.

Baada ya Gershwin kufariki mwaka 1937, wimbo ulihama kutoka bendi kwenda okestra kubwa. Grofé alikuwa ameshatoa mpangilio wa okestra ya ukumbi wa tamthilia 1926, kisha ule wa okestra kamili 1942, na huo wa 1942 ndio uliomo katika rekodi nyingi utakazokutana nazo. Fidla zinakuwa nyingi, saksafoni na banjo zinazama, na wimbo unanenepa. Oscar Levant, rafiki wa Gershwin, aliurekodi 1945 na Philadelphia Orchestra chini ya Eugene Ormandy. Sauti ni ya mono iliyokwaruzika kidogo, lakini Levant anapiga kama anayemfahamu mwenye nyumba.

Sasa za stereo. Mbili zilirekodiwa mwaka mmoja, 1959, na ndizo zinazogawa watu.

Leonard Bernstein anapiga piano na kuongoza Columbia Symphony kwa wakati mmoja. Anachukua kama dakika 16 na nusu, anavuta, anasimama, anarudi kwa kasi. Ni rekodi yenye mtu ndani yake, na ndiyo iliyowafundisha wengi kuuzoea wimbo ukiwa mzito. Mimi naipa nyota 4. Sehemu ya polepole inapoanza, Bernstein anaikumbatia mpaka inakosa pumzi.

Earl Wild na Boston Pops chini ya Arthur Fiedler, kwa kampuni ya RCA, ndiyo ninayompendekezea anayenunua moja tu. Vidole vya Wild ni vyepesi, mwendo hauzembei, na klarineti ya Pasquale Cardillo ina utani wa kutosha. Fiedler aliufahamu wimbo huu vizuri, kwani okestra hiyohiyo aliurekodi nayo mwaka 1935, Jesús María Sanromá akiwa kwenye piano. Nyota 5. Ile ya André Previn na London Symphony ya 1971 ni nzuri, yenye ladha ya jazi kwenye piano, lakini okestra ina adabu kupita kiasi.

Kuhusu kununua na kupakua. Rekodi ya 1924 imekuwa mali ya umma nchini Marekani tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa hiyo usilipie faili lake bila sababu. Lipia tu kama aliyeisafisha amefanya kazi ya maana. Ya 1927 bado inalindwa huko mpaka mwisho wa 2027. Kwa rekodi hizi mbili, MP3 ya kbps 128 inatosha: dakika 9 ni kama MB 8.6. Faili la ubora wa juu la kHz 96 kwa santuri kama ya 1924, isiyovuka hezi 3,000, ni kula bando bure. Kwa Wild au Bernstein chukua angalau kbps 320, yaani kama MB 38 kwa dakika 16.

Kabla ya kuliamini faili la zamani, pima mambo mawili. La kwanza ni kasi. Wimbo unaishia kwenye noti ya B bemoli. Fungua programu ya kupimia noti kwenye simu na uangalie ule mlio wa mwisho: B bemoli ya juu ya C ya kati iwe karibu na hezi 466. Ikisoma karibu na 480, aliyenakili aliizungusha santuri haraka kupita kiasi, na ile kasi unayomlaumu Gershwin si yake yote. La pili ni usafishaji. Kelele zikiwa zimefutwa zote, mara nyingi zimeondoka na makali ya klarineti. Sikiliza kilele cha ule mburuto wa mwanzo. Kikiwa na sauti ya filimbi ya plastiki, tafuta nakala nyingine yenye mikwaruzo.

Mwenye santuri yenyewe mkononi asitumie sindano ya LP, zile santuri za plastiki za baadaye. Ile ni ya maikroni 18 hivi na itazama hadi chini ya mfereji kwenye vumbi. Santuri za zama hizo zinataka ya maikroni 76 hivi, uzito wa gramu 3 hadi 5. Sindano hiyohiyo itakufaa kwa santuri za taarabu za Siti binti Saad alizorekodi Bombay mwaka 1928. Unganisha chaneli mbili ziwe mono, kelele zitapungua zenyewe. Amplifaya ya LP huongeza besi na kupunguza makali kwa kanuni ya RIAA ambayo mwaka 1924 haikuwepo, kwa hiyo pitisha sauti bila kanuni hiyo au uiondoe baadaye kwenye kompyuta. Kuosha ni maji yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakapozwa, yenye tone la sabuni laini, lebo isilowe. Spiriti usiipitishe kabisa: santuri hizi ni za shelaki, na shelaki huyeyuka kwenye spiriti.