Duka la picha Mji wa Kale: picha safi, maelezo ya kutungwa

Duka hili dogo, lililo katika vichochoro vya Mji wa Kale karibu na Ndia Kuu, huuza kadi za posta na picha za fremu zilizopigwa katika mitaa ya Mombasa, na kwa upande wa ufundi sina la kulalamikia: karatasi ni nzito, weusi umekolea bila kumeza sura za watu, na fremu zimeungwa vyema pembeni. Bei inaridhisha. Kinachonisikitisha ni maandishi yaliyobandikwa chini ya picha.

Ipo picha ya mzee aliyeketi barazani, amefumba macho, kikombe cha kahawa tungu kando ya goti lake. Chini yake pameandikwa: “Amesahauliwa na watoto wake.” Nilimuuliza muuzaji kama mzee huyo alizungumza na mpiga picha, naye akanijibu kwa uungwana kwamba alipigwa akiwa anapitwa tu njiani. Basi habari ya watoto imetoka wapi? Huenda alikuwa akisikiliza adhana, au amejipumzisha baada ya chakula. Kamera iliona macho yaliyofumbwa, basi. Kumlisha mtu maneno asiyoyasema, na kuwaaibisha wanawe mbele ya majirani watakaomtambua kwa kofia yake, ni dhuluma. Mwanamke mwenye buibui anayevuka njia naye ameitwa “Mfungwa wa mila”, ilhali hakuna aliyemuuliza hata aendako.

Mwaka 1936, huko Nipomo, California, mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja kambini pamoja na wanawe, akaandika kuwa ni mvunaji njegere fukara, mwenye umri wa miaka 32 na watoto saba. Jina hakuliuliza. Lilijulikana mwaka 1978, Florence Owens Thompson, na ndipo watu walipofahamu kwamba alikuwa Mcherokee, mmoja wa wenyeji asilia wa Marekani, na kwamba aliichukia picha iliyompa umaarufu. Lange angalau aliuliza umri.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya wazi kabla ya data binafsi kutumiwa kibiashara, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Sanaa imewekewa nafuu, lakini mwaka 2023 mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na wenye maduka wangefaa kuizingatia adhabu hiyo.

Niliyoinunua ni picha ya hamali akisukuma mkokoteni wa magunia ya viazi, jasho likimtiririka shingoni, iliyoandikwa “Marikiti, asubuhi” pekee. Maelezo ya namna hiyo yananitosha. Anayependa picha nyingine aombe isiyo na kibandiko, kwani muuzaji anazo kabatini na hutoa bila kinyongo. Ile ya mzee nisingeitundika ukutani kwangu mpaka mwenyewe aulizwe.