Chati ya uzito wa ujauzito ya Marekani: namba nzuri, mahali pa kuanzia pabovu

Karibu kila kliniki ya wajawazito Marekani hupima ongezeko la uzito kwa chati moja, ile iliyotolewa na IOM mwaka 2009. Wakongo na Warundi waliopitia kambini wasichanganyikiwe: hii si IOM ya uhamiaji yenye mifuko myeupe ya plastiki. Ni Taasisi ya Tiba ya Marekani, ambayo siku hizi inaitwa Chuo cha Taifa cha Tiba. Chati ni ya bure, inaenea kwenye ukurasa mmoja, na vikokotoo vingi vya simu vimejengwa juu yake. Tunaipa nyota tatu kati ya tano.

Inatumika hivi. Chukua uzito wa kabla ya mimba kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu ndilo BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu. Aliye chini ya 18.5 anatakiwa aongezeke kilo 12.5 hadi 18 kwa mimba nzima. Wa 18.5 hadi 24.9, yaani kundi la kawaida, kilo 11.5 hadi 16. Wa 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5. Kuanzia 30 kwenda juu, kilo 5 hadi 9. Miezi mitatu ya kwanza huhesabiwa nusu kilo hadi kilo 2 tu, kisha mwenye BMI ya kawaida huongezeka wastani wa gramu 420 kwa wiki, wa kundi linalofuata gramu 280, na wa 30 na zaidi gramu 220. Kwa hiyo mama wa kundi la kawaida akifika wiki ya 28 hutarajiwa awe ameongeza kama kilo 7 au 8. Wa mapacha wana safu yao: kundi hilohilo la kawaida ni kilo 17 hadi 25. Ukipewa namba kwa pauni, gawa kwa 2.2.

Hadi hapo hatuna ugomvi nayo. Ugomvi uko kwenye namba ya kwanza kabisa, ule uzito wa kabla ya mimba.

Mchukue mama wa sentimita 160 aliyekuwa na kilo 63. BMI yake ni 24.6, yuko kundi la kawaida. Akifika kliniki mara ya kwanza wiki ya 13 akiwa ameshaongeza kilo 2, na muuguzi akaandika 65 kama uzito wa kuanzia, BMI inakuwa 25.4. Kwa kilo mbili hizo amehamishwa kundi: badala ya kuruhusiwa hadi kilo 16, anaambiwa asizidi 11.5, na zile kilo 2 za mwanzo hazihesabiwi popote. Miezi sita atakuwa akionywa kwamba anaongezeka mno, na kumbe yuko sawasawa.

Chati haiulizi rangi ya mtu, lakini kosa hili halianguki kwa wote sawa. Marekani, wanawake weusi, Walatino na wahamiaji huanza kliniki wakiwa wamechelewa zaidi kuliko wazungu, kwa sababu ya bima, usafiri na kazi zisizotoa ruhusa. Dawa yake ni kutafuta uzito wa zamani ulioandikwa. Kwa mhamiaji, karatasi za uchunguzi wa afya kabla ya safari ya kuja Marekani huwa na kilo na urefu, na kadi ya uzazi wa mpango nayo husaidia. Usipopata chochote, omba iandikwe kwamba uzito wa kuanzia ni wa kukadiria, kisha mfuatilie kasi ya kila wiki badala ya jumla.

Toleo la 1990 lilikuwa na jambo jingine. Liliwaambia wanawake weusi walenge ncha ya juu ya kiwango chao, kwa kuwa watoto wao walizaliwa wadogo zaidi, na wafupi chini ya sentimita 157 walenge ncha ya chini. Toleo la 2009 liliyafuta yote mawili kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Tunaona walifanya vyema: uzito mdogo wa watoto weusi, ambao hutokea karibu mara mbili ya wazungu, hauwezi kubebeshwa sahani ya mama peke yake. Ila kilichofutwa hakikuzibwa. Wanawake weusi, Walatino na wa asili ya Asia bado huishia chini ya kiwango mara nyingi kuliko wazungu, na wazungu huzidisha zaidi. Wakati huohuo wanawake weusi wengi huanza mimba wakiwa na BMI ya 30 na zaidi, na hapo chati inamweka wa 31 na wa 45 kapu moja: kilo 5 hadi 9. Hilo ni kapu kubwa mno. Wa asili ya Asia wana shida iliyo kinyume: hatari ya kisukari hupanda kwao kwenye BMI ya chini zaidi, ndiyo maana tangu 2004 Shirika la Afya Duniani limetaja 23 na 27.5 kama alama za ziada kwao. Chati haizijui alama hizo.

Tunachokipenda ni chati ikitumiwa pamoja na WIC, mpango wa chakula wa serikali kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 5. Humo mama hupimwa uzito na damu, hukaa na mtaalamu wa lishe, na hutoka na kadi ya kununulia maziwa, mayai, maharage na mboga. Hawaangalii hali ya uhamiaji, na mtoto wa tumboni huhesabiwa katika idadi ya familia. Mgawo usiponunuliwa ndani ya mwezi unapotea. Dai mkalimani, kwani chati bila maelezo hueleweka vibaya: wapo wanaokula chakula cha watu wawili tangu wiki ya kwanza, na wapo, hasa akina mama wa Kisomali, wanaopunguza chakula ili mtoto asiwe mkubwa wakapasuliwa. Mwili hauhitaji nyongeza miezi mitatu ya kwanza. Mitatu ya kati ni kama kalori 340 kwa siku, yaani kikombe cha maharage yaliyopikwa na ndizi mbivu moja. Mitatu ya mwisho ongeza glasi ya maziwa.

Mizani ya nyumbani isiwekwe juu ya zulia, itadanganya. Pima asubuhi, bila viatu, siku ileile ya wiki. Uzito ukiruka zaidi ya kilo moja kwa wiki, na uso umevimba, kichwa kinauma au macho yanaona ukungu, achana na chati: hayo ni maji na pengine dalili za kifafa cha mimba. Shinikizo la damu lipimwe siku hiyohiyo.

Kabla ya kuamini kikokotoo cha simu, kijaribu. Weka sentimita 160 na kilo 63: kilete 11.5 hadi 16. Weka kilo 65: kilete 7 hadi 11.5. Kisha weka kilo 85. Kikijibu "angalau pauni 15" bila kikomo cha juu, kinatumia toleo la 1990, kifute.