Tathmini ya Allpix Squared na Corryvreckan katika kupima unene wa maada kwa elektroni

Mwanafunzi wa fizikia wa Dar es Salaam anayetaka kujua namna unene wa vigunduzi vya chembe unavyopimwa hana maabara ya karibu ya kupelekea sampuli yake. Mashine za tiba pale Ocean Road, hospitali ya saratani, ni za wagonjwa, na nishati yake ni ndogo mno kwa kazi hii, ambayo hufanyika mahali kama DESY, maabara ya fizikia ya chembe huko Hamburg, Ujerumani, penye mwale wa elektroni wenye nishati inayofikia takriban gigaelektronivolti 6. Ndiyo maana naziona programu hizi mbili, Allpix Squared inayoiga kigunduzi na Corryvreckan inayochambua njia za chembe, kuwa hazina kwa vyuo vyetu. Zote hutolewa bure pamoja na msimbo wake.

Elektroni ikipenya maada huvutwa na viini vya atomu mara nyingi, kila mara kidogo, hata ikatoka imepinda. Vitambuzi vitatu mbele ya sampuli na vitatu nyuma yake huonyesha njia ya kuingia na ya kutoka, na upana wa mtawanyiko wa pembe hizo ndio unaoeleza wingi wa maada iliyopitiwa. Kwa bamba la alumini la milimita 1 na elektroni za gigaelektronivolti 5, upana huo ni takriban miliradiani 0.24. Pembe hiyo ni ndogo sana, lakini baada ya sentimita 15 humsogeza msafiri wake mikromita 36 hivi, na vitambuzi vizuri vya silikoni husoma nafasi kwa usahihi wa mikromita 3 hivi.

Allpix Squared hukuruhusu kuliweka bamba kama hilo kati ya vitambuzi kwa mistari michache ya maandishi, kisha Geant4, programu ya kuiga safari ya chembe ndani ya maada ambayo Allpix Squared huitegemea, hufuatilia kila elektroni. Uzuri mkubwa ni kwamba huhifadhi hata zile chache zilizopinda kupita kiasi. Fomula ya Highland, inayohusisha upana wa mtawanyiko na unene wa maada, inahusu sehemu ya kati ya mtawanyiko, takriban asilimia 98, na mwanafunzi asiyeondoa mikia, yaani hizo chache za pembeni, atapata unene uliozidi. Somo hilo halikai vizuri ubaoni kama linavyokaa kwenye grafu aliyoitengeneza mwenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba jibu halitoki kwa milimita, bali kama sehemu ya urefu wa mnunurisho wa maada husika, yaani umbali ambao elektroni yenye nishati kubwa hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kwa kutoa mnunurisho: alumini ya milimita 1 na metali ya risasi ya milimita 0.06 hivi hutawanya elektroni karibu sawasawa. Kwa hiyo gundi, nyaya na mabomba ya kupoozea hujumlishwa pamoja, jambo ambalo wajenzi wa vigunduzi hulihitaji hasa.

Upungufu upo. Mipangilio huandikwa kwenye faili za maandishi, mwongozo ni wa Kiingereza, na anayejenga kila kitu kutoka kwenye msimbo hupakua mafaili mengi, mzigo usio mdogo kwa anayenunua vifurushi vya intaneti. Chuo kingefanya vema kuzisakinisha mara moja kwenye kompyuta ya idara. Zaidi ya hapo, vitambuzi vya kuigwa hukaa mahali pake kamili usipoviamuru vipotoke, hivyo mwalimu asiache kuingiza kasoro ya mpangilio, kisha awape wanafunzi mabamba ya unene unaojulikana ya kusawazishia vipimo kabla ya kuwapa sampuli wasiyoijua.