TRIM, kitufe cha Google Sheets, Power Query na OpenRefine: kipi kinasafisha nafasi za ziada vizuri?

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi anaunganisha orodha ya wanachama na orodha ya kilo zilizopimwa, VLOOKUP, fomula ya kutafuta jina kwenye orodha nyingine, inamrudishia #N/A, yaani halijapatikana, kwa jina analoliona wazi kwenye orodha zote mbili. Jina halina kosa. Upande mmoja "Mwakyusa" imefuatwa na nafasi isiyoonekana, na kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti. PivotTable, jedwali la muhtasari la Excel, nayo italeta Tukuyu mara mbili, kila moja na jumla yake. Kilo za mkulima zikianguka upande usiolipwa, anayeumia ni yeye, wala si aliyechapa.

Nafasi hizi zinaingia kwa njia za kawaida. Kibodi ya simu huongeza nafasi kila unapokubali neno inalopendekeza, ndiyo maana majina yaliyojazwa kwa simu huja na mkia. Yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti yanaweza kuja na nafasi ya aina nyingine kabisa, ile isiyokatika (non-breaking space), ambayo kompyuta inaitambua kwa namba 160, wakati nafasi ya kawaida ni namba 32. Zote mbili zinaonekana sawa kwenye skrini. Zana yoyote ya kusafisha tunaipima hapo.

TRIM ya Excel ni nyepesi, ipo kwenye kila toleo na haihitaji intaneti. Inaondoa nafasi za mwanzo na za mwisho, na katikati inaacha moja tu, kwa hiyo "Mbeya  Mjini" inarudi kuwa "Mbeya Mjini". Lakini inaiona namba 32 peke yake. Ukiwa na 160, TRIM inapita kama haijaona kitu, na hapo watu wengi huanza kuilaumu VLOOKUP. Kabla ya kusafisha, uliza seli yenyewe: =CODE(RIGHT(A2,1)). Jina linaloishia na "a" litatoa 97. Likitoa 32, TRIM inatosha. Likitoa 160, tumia hii:

=TRIM(CLEAN(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "),CHAR(10)," ")))

Mpangilio wa fomula hii una sababu. CHAR(10) ni mstari mpya ndani ya seli, ule wa Alt+Enter. CLEAN ikiachwa peke yake huufuta bila kuweka kitu mahali pake, na "Tukuyu" iliyokuwa juu ya "Rungwe" inageuka "TukuyuRungwe". Kwa hiyo geuza kwanza mstari mpya na 160 ziwe nafasi za kawaida, kisha CLEAN na TRIM zimalizie. Kama kompyuta yako inatenganisha vipengele vya fomula kwa nukta-mkato, weka hiyo badala ya mkato.

Kujua ukubwa wa tatizo kabla ya kugusa chochote, andika =SUMPRODUCT(--(LEN(A2:A500)<>LEN(TRIM(A2:A500)))). Itakupa idadi ya seli zenye nafasi za kawaida zilizozidi. Fomula ya kusafisha iandike kwenye safu mpya pembeni, ishushe hadi mwisho, nakili, kisha bandika thamani tupu juu ya safu ya zamani. Ukifuta safu ya zamani kabla ya kubandika thamani, utabaki na #REF! kuanzia juu hadi chini.

Usiipeleke TRIM kwenye tarehe wala kwenye kilo. Jibu lake siku zote ni maandishi: tarehe 1 Januari 2024 inatoka kama "45292", na SUM ya safu nzima ya kilo inarudi sifuri. Kilo zilizoingia kama maandishi kwa sababu ya nafasi zisafishe kwa fomula ileile, kisha zifunge ndani ya VALUE.

Namba za simu zinataka uangalifu wa peke yake, hasa pale malipo yanapopita kwenye simu. Wengi hubonyeza Ctrl+H (Find and Replace), wanatafuta nafasi na kuacha sehemu ya pili wazi. Excel ikishaondoa nafasi inaisoma seli upya, inaona tarakimu tupu, na sifuri ya mbele inapotea. Badala yake tumia =SUBSTITUTE(B2," ",""), ambayo inaacha sifuri mahali pake. Na Ctrl+H ya namna hiyo isiguse kabisa safu ya majina. Itakuzalishia "MbeyaVijijini" kwa mamia.

Google Sheets ina kitufe chake: chagua safu, nenda Data, kisha Data cleanup, kisha Trim whitespace. Kinasafisha papo hapo bila safu ya pembeni, na kwa karani asiyetaka fomula tunakipendekeza bila kusita. Angalizo ni kwamba kinahesabu hata mistari mipya kama nafasi, kwa hiyo anwani iliyopangwa kwa mistari mitatu itarudi mstari mmoja. Kwa 160 tusingekitegemea. Zigeuze kwanza kwa SUBSTITUTE, kisha bonyeza.

LibreOffice Calc ni ya bure na haina kitufe kizuri namna hiyo, ila Ctrl+H yake ina nguvu. Washa Regular expressions (alama za kutafuta kwa mfumo, ambapo \s ni nafasi ya aina yoyote), tafuta \s+ na uweke nafasi moja, halafu tafuta ^\s+|\s+$ na uache wazi. Hiyo \s inakamata na 160 pia. Fanya hivyo kwenye safu ya majina tu.

Power Query, zana ya Excel ya kuingiza na kusafisha data kwa hatua, iko kwenye menyu ya Data kuanzia Excel 2016. Kwa orodha inayorudi kila mwezi na safu zilezile, kwetu hii ndiyo bora. Unapanga hatua mara moja, mwezi unaofuata unaweka faili jipya na kubonyeza Refresh. Ila jina la Trim linadanganya hapa: ya Power Query inakata mwanzo na mwisho tu, nafasi mbili za katikati zinabaki. Ongeza hatua ya Replace Values, nafasi mbili kwa moja, na uirudie kama zipo tatu au nne. Hatua ya Changed Type inayojiweka yenyewe inaweza kumeza sifuri za namba za simu. Rekebisha safu hiyo iwe Text. Pia Power Query inatofautisha herufi kubwa na ndogo inapounganisha orodha, jambo ambalo VLOOKUP haifanyi, kwa hiyo "TUKUYU" na "Tukuyu" hazitakutana.

OpenRefine, programu ya kusafisha data, ni ya bure, inafunguka ndani ya kivinjari lakini inafanya kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti. Chukua kifurushi cha Windows chenye Java ndani yake, la sivyo itagoma kuwaka kwenye kompyuta isiyo na Java. Kwenye Common transforms ina amri mbili tofauti, moja ya kukata ncha na nyingine ya kubana nafasi za katikati, na zinahitajika zote mbili. Thamani yake kubwa iko kwenye Cluster, amri ya kukusanya maandishi yanayofanana, kwa njia ya fingerprint: inapuuza herufi kubwa, alama na mpangilio wa maneno, hivyo jina la ukoo likitangulia kwenye daftari moja na kufuata kwenye jingine, yanakaa kundi moja. "Ilemi" na "Iremi" haitazikutanisha. Kwa hizo badili njia iwe nearest neighbor, inayokutanisha tahajia zinazokaribiana, na kwa majina mafupi kama haya punguza Block Chars hadi 3. Kabla ya kubonyeza Merge, fungua kila kundi ulinganishe na namba ya uanachama, maana kwenye kijiji kimoja babu na mjukuu aliyerithi jina lake wanaweza kuwa wanachama wawili halali, kila mmoja na shamba lake.