Sindano Moja, Donge Moja: Cha Kununua Unapoanza Kufuma

Mimi nilianza kroshia, yaani kufuma kwa sindano moja yenye kichwa cha ndoano, kwa kununua sanduku. Lilikuwa na sindano 22 za kila rangi, pini, mkasi mdogo, na madonge manne ya uzi mweusi wenye manyoya kama paka. Wiki mbili baadaye sindano 21 zilikuwa hazijaguswa, na ule uzi nilikuwa nimeufumua mara nyingi mno hadi sikujua tena kitanzi kiko wapi na manyoya yako wapi. Nikajiona sina mkono wa kazi hii. Kumbe mkono haukuwa na neno. Nilikosea dukani.

Kwa hiyo orodha yangu inaanza na uzi, ingawa wengi hukimbilia sindano kwanza. Sindano mbaya itakuchosha, lakini uzi mbaya utakunyima hata kuona unachokifanya.

Kwanza: kroshia au sindano mbili?

Kama huna upande moyoni, anza na kroshia. Sababu yake ni moja tu: kwenye kroshia kitanzi kilicho hai, yaani ambacho bado kinaweza kufumuka, huwa ni kimoja. Kikiponyoka, unakidaka na kuendelea. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote vya safu viko hai kwa pamoja, na kimoja kikidondoka kinafumuka safu kwa safu kuelekea chini, kama ngazi. Kukirudisha kunawezekana, ila si somo la siku ya kwanza.

Ukiwa na ndoto ya sweta jepesi linalonyumbuka, au soksi, usijidanganye na kroshia. Nenda moja kwa moja kwenye sindano mbili. Kitambaa cha kroshia kwa kawaida huwa kizito zaidi na hula uzi mwingi zaidi. Anayetumia mkono wa kushoto asiogope, kwani hakuna sindano maalumu ya kutafuta. Tatizo lake ni video, ambazo nyingi zinaonyesha mkono wa kulia, basi azitazame zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo.

Uzi, kwa mpangilio wangu

*Nambari 1: akriliki laini, unene wa kati, rangi nyepesi.* Wapo mafundi wanaoibeza akriliki, na wana hoja zao: haipumui vizuri, na ukiipiga pasi ya moto inalegea na hairudi tena ilivyokuwa. Lakini anayeanza atafumua kuliko atakavyofuma. Anahitaji uzi ambao hatausikitikia, unaofulika bila masharti, na unaovutika kidogo ili kumsamehe pale anapokaza mno. Unene wa kati ni ule ambao lebo nyingi huuandikia namba 4, ndani ya mchoro wa donge dogo la uzi. Rangi iwe krimu, samawati hafifu, waridi, kijani cha jani changa. Nyeusi na buluu iliyokolea ziache kabisa, maana hata mafundi wazoefu huziwashia taa. Uzi wa rangi mchanganyiko nao unavutia rafuni, ila mabadiliko ya rangi yanaficha umbo la vitanzi.

*Nambari 2: sufu.* Mkononi, sufu ndiyo bora kuliko zote. Inanyumbuka, inashika sindano, na makosa madogo hujisawazisha ikishaoshwa. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei na kwa sababu ya maji: sufu ya kawaida ikioshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, nyuzi zake hushikana na kitambaa kinasinyaa kisirudi. Ipo iliyotibiwa ili ivumilie mashine, na lebo yake itasema hivyo. Tena kuna watu inawawasha. Iguse shingoni kabla hujalipa.

*Nambari 3: pamba.* Hapa najua nitabishiwa, maana wengi wanawashauri wanaoanza wachukue pamba kwa kuwa vitanzi vyake vinaonekana wazi. Ni kweli vinaonekana. Lakini pamba hainyumbuki, na vidole vya mtu anayekaza kila kitanzi kwa woga vitauma ndani ya nusu saa. Ukiitaka kwa sababu unafuma vitambaa vya jikoni au mfuko, chukua ile isiyong'aa. Ile inayong'aa imepitishwa kwenye magadi makali, mbinu iliyogunduliwa na Mwingereza John Mercer mwaka 1844. Inapendeza, inashika rangi, na inateleza kuliko unavyopenda.

*Mwisho kabisa:* uzi wa manyoya, uzi wa vinundu, na uzi mwembamba wa vitambaa vya meza unaofumwa kwa sindano ndogo za chuma. Huo wa mwisho si mbaya, muda wake tu haujafika.

Kabla hujalipa, fanya jaribio dogo. Vuta ncha ya uzi, uizungushe kinyume na msokoto wake, kisha uichokoe kwa ukucha. Ikifumuka mara moja kuwa nyuzinyuzi, sindano nayo itaupasua hivyo hivyo, na utakuwa unachoma katikati ya uzi badala ya kuingia ndani ya kitanzi. Urudishe rafuni.

Kisha soma lebo. Linganisha mita, si gramu. Donge la gramu 100 la akriliki ya unene wa kati mara nyingi hufika karibu mita 200. Pamba ya uzito uleule huwa na mita pungufu kwa kuwa ni nzito. Angalia pia namba ya pipa la rangi. Madonge mawili ya jina moja la rangi yaliyotiwa rangi siku tofauti yanaweza kufanana dukani, halafu yakaachana katikati ya shali. Ukinunua zaidi ya moja, namba hiyo ilingane.

Sindano ya kroshia

Nunua moja, ya milimita 5. Ukubwa huo unapatana na uzi niliousema hapo juu na vidole vinauona vizuri.

Chaguo langu la kwanza ni ya alumini yenye mpini wa mpira laini. Alumini inateleza kwa kiasi, na mpini mnene unakuzuia kuibana sindano kama mtu aliyeshika kisu cha kuchinjia. Ya pili ni alumini tupu: rahisi, haivunjiki, na ukiona mkono unauma unaweza kuizungushia kitambaa. Ya tatu ni mianzi, nyepesi na ya joto mkononi, ila kagua kichwa chake kwa kidole; kikiwa na ukwaruzo hata kidogo kitanasa uzi. Plastiki naiweka nyuma. Katika ukubwa huu inapinda, na wakati mwingine ina mstari wa kiwandani unaokwaruza kila kitanzi.

Sindano mbili

Hapa wengi hushangaa: nunua sindano za mzunguko hata kama unafuma kitambaa bapa. Ni ncha mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini, na urefu wa sentimita 80 unatosha. Unafuma safu, unageuza, unaendelea. Uzito wa kazi unalala mapajani badala ya kuning'inia kwenye viganja, na huwezi kupoteza sindano moja chini ya kochi. Zile ndefu zilizonyooka ndizo za pili. Kwa aina zote mbili, anza na mianzi au mbao, kwa sababu chuma kinateleza na vitanzi vya mgeni vinapenda kukimbia. Milimita 4.5 au 5.

Usinunue kwa namba, nunua kwa milimita. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba 8 ya kipimo cha zamani cha Uingereza ni milimita 4, na kwenye kipimo hicho namba ikipanda sindano inapungua. Ukirithi sindano za bibi, zipime kwanza.

Vingine

Sindano butu yenye tundu kubwa ya kufichia ncha za uzi. Mkasi wowote unaokata. Utepe wa kupimia. Alama za vitanzi zinasaidia sana, lakini pini ya kawaida au kipande cha uzi wa rangi nyingine kinafanya kazi ileile.

Seti za mradi mmoja, kama zile za mdoli mdogo, naziweka juu ya masanduku ya sindano nyingi, kwa sharti moja: uzi wake uonekane kabla ya kununua. Mdoli hufumwa kwa mzunguko na kwa kukaza, kwa hiyo ukimpata kama kazi yako ya kwanza utasota. Kama kazi ya tatu ni furaha tupu.

Ukinunua mchoro wa maelekezo, tafuta panapoandikwa kama ni wa Marekani au wa Uingereza. Mshono ambao Wamarekani wanauita "single crochet", Waingereza wanauita "double crochet", na majina mengine yanapishana vivyo hivyo. Mchoro usiosema ni wa upande gani, mimi siulipii.