Uzoefu wangu: ndege ya Mwanza–Dar, nauli inategemea mashirika mangapi yako angani

Wakuu habari zenu. Juzi nimekata tiketi ya Dar nikabaki naiangalia ile bei kama nimeona nyoka, nikasema ngoja niandike. Biashara yangu iko Kariakoo, familia iko Nyakato hapa Mwanza, toka 2013 nimepanda hii ndege mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu, kwa hiyo habari za nauli za hii ruti sijasimuliwa, zimepita mfukoni mwangu.

Mimi nimeanza kupanda ndege enzi za Fastjet, lile shirika la ndege za bei nafuu. Wale jamaa walianza Novemba 2012 na ruti mbili tu, Dar–Kilimanjaro na Dar–Mwanza, nauli inaanzia elfu 32 kabla ya kodi, na chombo chenyewe Airbus A319, sio zile za mapanga. Kweli ukishajumlisha kodi na hela ya uwanja na begi inapanda, na ukikata siku mbili kabla ndo usiseme, ila ukiwahi mwezi mzima mbele unapata kitu cha maana. Mama mkubwa wangu alipanda ndege mara ya kwanza kipindi hicho, ana miaka sitini na kitu, akashika mkono wangu toka tunaruka mpaka tumevuka Shinyanga, halafu kuanzia pale hakutaka tena kusikia habari ya basi. Kilomita elfu moja na zaidi kwa barabara unamwelewa tu.

Mwisho wa 2018 Fastjet ikapotea. Bahati nzuri Air Tanzania walikua wameshafufuka 2016 na Q400 mbili (hizo ni za mapanga), na mwishoni mwa 2018 hiyo hiyo ikaja Airbus A220, kwa hiyo hatukubaki na shirika la Precision peke yao. Ila ukweli ni kwamba toka hapo mimi nikitafuta tiketi naangalia sehemu mbili basi, na mkiwa na duka mbili mtaani bei ya sukari mnaijua inavyokua. 2022 injini za zile A220 zikaanza kusumbua (sio kwetu tu, ni shida ya injini yenyewe huko zinakotengenezwa), ndege zikalala chini, kupata siti ya Ijumaa ikawa kama kutafuta tiketi ya Simba na Yanga. Hapo ndo niliposhika somo: chombo kimoja kikitoka kwenye ratiba, sisi wa Mwanza tunalipia.

Sasa kwenye huduma. Jeti unafika Dar kabla hujamaliza kusinzia, ATR, ile ya mapanga, inachukua karibu masaa mawili, ila mimi binafsi ATR sina shida nayo, inaruka chini kidogo na kukiwa hakuna mawingu unaona ziwa na ile miamba vizuri. Kilichoniudhi ni shirika moja, sitalitaja, safari ya saa kumi na mbili jioni ikasogezwa saa mbili, halafu saa nne, halafu kimya, meseji ya kufutwa imeingia saa tano usiku tukiwa tumekaa pale na maji chupa moja na biskuti. Kulikua na dada ana mtoto mchanga kamlaza juu ya kitenge sakafuni. Kesho yake tukaondoka saa nane mchana na samahani hatukuisikia. Kungekua na shirika la tatu siku ile ningekata tiketi nyingine pale pale, na wao wanajua sina pa kwenda.

Halafu mzani jamani. Mwanza huwezi ukaenda Dar mikono mitupu, ni lazima uwe na boksi la samaki. Yani ile foleni ya kukabidhi mizigo nusu ya watu wana maboksi yamefungwa solotepu mpaka yanang'aa. Mara ya mwisho boksi langu na begi vimefika kilo 27, ruhusa 23, kaka wa kaunta ananiangalia namuangalia. Nikalipasua boksi pale pale nikatoa sato wawili walioganda nikampa dereva bodaboda aliyenileta, bado alikua nje, alicheka mpaka akakaa chini.

Na hapo kwenye samaki ndo panaponiumiza kichwa. Minofu mingi ya sangara inatoka viwandani hapa hapa Mwanza inapakiwa kwenye malori mpaka Nairobi au Entebbe ndo ipande ndege kwenda Ulaya, wakati njia ya kurukia tunayo ndefu ya kubeba ndege kubwa. Mtu wa Mwanza akitaka kwenda Nairobi mara nyingi anapelekwa kwanza Dar, anashuka kusini mashariki ndo arudi kaskazini, wakati Nairobi iko hapo juu tu. Precision waliwahi kuifanya Mwanza–Nairobi moja kwa moja, wateja walikuwepo. Ongeza watalii, maana Serengeti upande wa magharibi kutoka hapa ni mwendo wa masaa mawili na kitu kwa gari, na sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, watu wa Geita na Sengerema hawasubiri tena kivuko, wanafika uwanjani kwa wakati. Wengine watasema Geita wana uwanja wao kule Chato, sawa, ila mfanyabiashara anafuata palipo na safari nyingi.

Kwa sasa ninachofanya: Jumanne au Jumatano, ndege ya asubuhi kabisa maana ya jioni ndo inabeba dilei zote za siku, na nakata wiki tatu kabla. Ikishindikana nashuka na basi mpaka Dodoma halafu napanda treni ya SGR, kiuno kinauma lakini hela inabaki. Mwezi ujao nina safari, boksi nimeshapima nyumbani, kilo 11.